Taka hatarishi za nyumbani na gereji: mwongozo kamili wa kuzitenga, kuzitunza na kuzikabidhi

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko mwingine wowote huja hivi: "Nimekusanya oili chafu, thina, maji ya betri na mabaki ya dawa ya mende kwenye dumu moja, nikalifunga vizuri. Mnunuzi wa oili amekataa kulichukua. Nifanyeje?"

Jibu lake huniuma kuliandika, maana dumu hilo halina tena njia rahisi. Oili ikiwa peke yake ina mnunuzi. Betri ikiwa nzima ina mnunuzi. Vikishachanganywa havina mwenyewe, na mara nyingi huishia mtaroni usiku, mvua inaponyesha.

Shika jambo moja kabla hujagusa chochote: taka hatarishi hukabidhiwa kwa mtu mwenye uwezo wa kuishughulikia. Kazi yako ni kuitunza salama, kila aina peke yake, mpaka siku ya kukabidhi. Nimeandika nikifikiria nyumba ya kawaida na biashara ndogo za Dar es Salaam: gereji, fundi simu, fundi rangi, duka la pembejeo.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze kazi kisha ukakimbilia dukani katikati, umeacha dumu wazi na watoto wanazunguka. Kusanya hivi mapema:

- Glavu nene za mpira. Zile nyembamba za hospitali hazifai, thina huzipenya na asidi huzishinda.
- Miwani ya kukinga macho, ile wanayovaa mafundi wa grinda, na viatu vya kufunika vidole.
- Ndoo ya mchanga mkavu au vumbi la mbao, kwa ajili ya kunyonya kinachomwagika.
- Magadi soda, angalau nusu kilo, kwa ajili ya maji ya betri.
- Karai pana la plastiki la kuwekea chombo kinachovuja.
- Madumu ya lita 20 yasiyovuja, yenye mifuniko yake.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, kama ya jiki au ya sabuni ya maji, kwa ajili ya sindano.
- Selotepu pana, maka pen isiyofutika, mifuko imara na daftari.
- Maji mengi yaliyo karibu. Kama bomba halitoki siku hiyo, jaza ndoo kwanza.

Chupa za maji ya kunywa, soda na juisi zisitumike kabisa. Jirani yetu mmoja aliweka maji ya betri kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akaiegemeza dirishani karibu na mtungi. Kifuniko cha bluu, maji meupe, hata nembo ilikuwa haijabanduka. Mwanawe wa miaka minne alikuwa ameshaikamata, anahangaika na kifuniko kwa meno, dada yake alipotokea. Tangu siku hiyo nikiona chupa ya maji gerejini naiuliza ina nini kabla sijakaa.

## Hatua ya 1: Pita kila kona na uorodheshe

Anza uvunguni mwa sinki, kisha bafuni, kabati la dawa, stoo, nyuma ya friji, banda la kuku. Kwa gereji, angalia chini ya meza ya kazi na pembe zote za uzio. Usihamishe kitu bado, andika tu.

Tafuta alama za almasi nyeupe yenye mpaka mwekundu kwenye lebo. Fuvu ni sumu inayoua. Mwali wa moto ni kinachowaka. Kimiminika kinachotafuna mkono na chuma ni asidi au magadi makali. Mti mkavu na samaki aliyekufa ni kinachoharibu maji na viumbe.

Vingine havina alama ila ni hatarishi vilevile: betri za aina zote, taa za mirija na enaji seva, simu mbovu, sindano, dawa zilizopitwa na muda, filta za oili.

Ukikuta chombo kisicho na lebo: usinuse, usionje, usikitikise. Andika "HAIJULIKANI" na ukiweke peke yake.

Umefanikiwa kama: una orodha yenye jina la kitu, kiasi chake na mahali kilipo.

## Hatua ya 2: Punguza kwanza

Kopo la rangi lililobaki nusu ni rangi, bado si taka. Mpe jirani anayepaka uzio, au msikiti, kanisa, shule. Jiki ambayo haijapitwa na muda imalizie kazi yake.

Ila usigawe dawa za hospitali, wala viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu) vilivyopitwa na muda au vilivyotolewa kwenye chombo chake cha asili. Huwezi kumpa mtu sumu isiyo na maelezo ya kipimo.

## Hatua ya 3: Tenga visivyokutana

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nenda polepole.

Jiki ikikutana na dawa ya kusafishia choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma koo na mapafu ndani ya dakika chache. Jiki ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine ya sumu. Watu huzimia kwenye vyoo vidogo visivyo na dirisha kwa kumimina viwili pamoja ili "choo kitakate zaidi".

Thina, petroli na mafuta ya taa vikae mbali na moto, chaja na inveta. Asidi ikae mbali na jiki na mbali na vyuma. Viuatilifu vikae mbali na chakula cha watu na cha mifugo, hata kama vyote vimefungwa.

Oili ya injini na ya giaboksi zinaweza kukaa dumu moja. Oili ya breki, kulanti (maji ya rejeta), petroli na maji visiingie humo. Mnunuzi akikuta maji au petroli ndani anaacha dumu zima, na ana haki, kwa sababu mzigo wenye petroli unaweza kulipuka kwenye mtambo wake.

Umefanikiwa kama: kila chombo kina kitu kimoja tu, na unaweza kukitaja bila kukisia.

## Hatua ya 4: Funga, kisha andika

Acha kitu kwenye chombo chake cha asili kila inapowezekana. Lebo ya kiwandani ndiyo inayomwambia daktari afanye nini mtoto akinywa.

Ukilazimika kuhamisha, usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole vinne, maana jua la Dar hufanya kimiminika kutanuka na mfuniko kuachia. Andika ubavuni, wala si juu ya mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana madumu:

> OILI CHAFU YA INJINI. HATARI, HAINYWEWI. Ilianza kuwekwa tarehe ___. Mwenye dumu: ___

Umefanikiwa kama: mgeni asiyekujua anaweza kusoma na kujua asiguse nini.

## Hatua ya 5: Fungasha kila aina kwa njia yake

### Oili chafu na filta

Mwaga oili ikiwa vuguvugu, ikiwa ya moto inaunguza na ikiwa baridi haitoki yote. Tumia karai pana na faneli. Filta igeuze mdomo chini juu ya karai, toboa kichwa chake kwa bisibisi na uiache ichuruzike usiku kucha, kisha iweke kwenye ndoo yenye mfuniko.

Najua oili chafu ina matumizi mtaani: kupaka mbao zisiliwe na mchwa, kumwaga barabarani kutuliza vumbi, hata kupaka vidonda vya ng'ombe. Naomba uache yote matatu. Oili iliyotumika imebeba chembe za metali za injini na kemikali za mwako zinazosababisha saratani. Ukiimwaga chini, mvua huifikisha kisimani, na ni kidogo tu kinachotosha kuharibu maji mengi. Kidole cha oili kwenye ndoo ya maji utakiona chenyewe: kinatanda uso mzima kwa rangi za upinde wa mvua.

Matambara yenye oili ya kung'arishia mbao au rangi ya mafuta usiyarundike. Hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

### Betri za gari, pikipiki na sola

Betri ya risasi (metali nzito, "lead") na asidi ikae wima, nzima, ndani ya karai la plastiki. Funika ncha mbili kwa selotepu ili zisiguswe na spana au waya.

Onyo kubwa: usimwage maji ya betri. Wapo wanunuzi wa skrepa wanaotaka uyamwage kwanza ndipo wapime "betri kavu". Mkatae mnunuzi huyo. Maji hayo ni asidi ya salfuri iliyochanganyika na risasi, na mnunuzi anayeyakwepa anakuachia sumu wewe, yeye aondoke na faida. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto huathirika ubongo.

Kwa anayeona nimetia chumvi, Mombasa ipo karibu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Usiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi wake hukaa kwenye kuta, nguo na vyungu.

### Simu, pawabenki na betri ndogo

Betri za lithiamu hazivumilii kutobolewa, kupigwa jua wala kubanwa. Iliyovimba usiichaji tena na usiibonyeze irudi. Funika ncha kwa selotepu, ilaze kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kopo likae nje ya nyumba penye kivuli.

Betri za rimoti na tochi ziwekwe selotepu kwenye ncha na zikusanywe kwenye kopo moja la plastiki. Kabla ya kukabidhi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa data. Usichome nyaya ili upate shaba, plastiki ya nyaya ikiungua hutoa dioksini, kemikali yenye sumu kali.

### Taa za mirija na enaji seva

Ndani yake mna zebaki, metali yenye sumu, miligramu chache tu, lakini huruka kama mvuke taa ikivunjika. Nzima irudishe kwenye boksi lake au izungushie magazeti.

Ikivunjika: toa watu na wanyama chumbani, zima feni, fungua madirisha, subiri dakika 15. Usifagie, ufagio husambaza. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, chembe uziokote kwa selotepu, futa sakafu kwa karatasi yenye unyevu, kisha tia vyote kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Taa za LED hazina zebaki, ziweke na vifaa vya umeme.

### Sindano za nyumbani

Nyumba nyingi sasa zina mtu anayejichoma insulini, na sindano zake huishia mfuko wa rambo pamoja na maganda ya ndizi. Anayechomwa ni kijana wa mkokoteni au mama anayeokota chupa kwenye kizimba cha taka, mikono mitupu.

Sindano ikitoka mwilini iingie moja kwa moja kwenye chupa ngumu. Usirudishie kifuniko kwa mikono miwili, usiipinde. Chupa ikifika robo tatu, funga mfuniko, zungushia selotepu, andika "SINDANO, USIFUNGUE". Ipeleke kliniki unakochukulia insulini, ukizungumza kwanza na muuguzi ili wakupokelee.

### Dawa zilizopitwa na muda

Zirudishe famasi au hospitali. Pasipo na pa kurudishia, na kwa kiasi kidogo cha nyumbani tu, toa vidonge kwenye pakiti, changanya na majani ya chai yaliyotumika au majivu yenye unyevu, funga kwenye mfuko usiovuja na uutie kwenye taka za kawaida, futa jina la mgonjwa kwenye lebo. Usimwage antibiotiki chooni. Makopo ya pumu yasichomwe, hulipuka. Mwenye duka la dawa hana ruhusa ya njia hii: kwake uteketezaji husimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

### Viuatilifu na makopo yake

Kopo likiisha, suuza mara tatu, palepale shambani. Tia maji hadi robo ya kopo, funga, tikisa sekunde 30, mimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia ili yaende shambani kama dawa. Rudia mara mbili. Kisha toboa kitako ili lisitumike tena.

Kopo lililooshwa kwa sabuni na likanukia vizuri bado halifai kuwekea maziwa, maji wala mafuta ya kupikia. Plastiki huinyonya sumu na kuiachia taratibu.

Dawa iliyobaki na kupitwa na muda iache kwenye kopo lake, umuulize afisa kilimo au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

### Rangi na thina

Rangi ya maji iliyobaki kidogo changanya na mchanga au vumbi la mbao, iache wazi penye hewa mpaka iwe ngumu. Ya mafuta na thina zifungwe ndani ya makopo yake. Thina ya kuoshea brashi iache itulie siku mbili, ya juu iliyo safi itumie tena, tope la chini ndilo taka.

## Hatua ya 6: Mahali pa kutunzia

Unahitaji sehemu yenye kivuli, hewa, sakafu ngumu isiyo na mfereji wa maji, na kufuli. Vimiminika vikae chini, ndani ya karai, si kwenye rafu ya juu. Iwe mbali na kisima, jiko na chumba cha kulala.

Usizike wala usimwage kwenye choo cha shimo. Shimo halina sakafu, na kisima cha jirani kinaweza kuwa hatua chache tu. Kwenye tenki la maji taka, kemikali huua bakteria wanaolifanya lifanye kazi.

## Kikimwagika

Zima moto ulio karibu, usiguse swichi za umeme penye mvuke wa thina au petroli, toa watu, vaa glavu na miwani, kisha:

1. Zungushia mchanga ili kisifike mtaroni.
2. Maji ya betri yanyunyizie magadi soda kuanzia pembeni kuelekea katikati. Yatatoa povu. Ongeza mpaka povu likome.
3. Oili na thina zifunike kwa mchanga, subiri zinyonywe, zoa kwa koleo, tia kwenye ndoo yenye mfuniko na uiandike. Mchanga huo nao sasa ni taka hatarishi.

Asidi ikikurukia ngozini au machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, vua nguo iliyolowa, nenda hospitali. Mtu akinywa mafuta ya taa au asidi usimtapishe, na usimpe maziwa kwa kukisia. Kinachochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Mkimbize hospitali ukiwa umebeba chombo chenyewe. Moto ukizidi kopo moja, kimbia na upige 114, namba ya Zimamoto.

## Hatua ya 7: Kabidhi

Usimkabidhi kijana wa mkokoteni wala gari la taka la kawaida. Mzigo huo unakwenda dampo, ambako watu wanaokota kwa mikono na moto hauzimiki.

Anzia kwa afisa afya wa kata au afisa mazingira wa halmashauri, au piga simu ofisi ya kanda ya NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, na uulize ni nani mwenye kibali eneo lako. Tanzania ina Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi za mwaka 2021, zinazomtaka anayekusanya na kusafirisha taka hizi awe na kibali. Ukimpata, muulize maswali matatu: kibali chako kiko wapi, unaupeleka wapi mzigo huu, utanipa karatasi gani? Anayekasirika kwa swali la pili usimpe.

Nyumba moja haina mzigo wa kumleta mkusanyaji. Zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa, nyumba 20 na gereji mbili tatu mkubaliane siku moja. Nimeona gereji zikikubali kupokea oili za majirani bila malipo, kwa kuwa mnunuzi huja haraka mapipa yakijaa.

Wasomaji wa Kenya waulize leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Nairobi ipo WEEE Centre inayopokea vifaa vya umeme na simu. Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve, Bugesera, kwa vifaa hivyohivyo.

Siku ya kusafirisha, vyombo viwe wima, vimefungwa kamba, kwenye bajaji ya mizigo au nyuma ya pikapu. Dumu la thina lisipande daladala, na betri isilazwe kwenye bodaboda.

Andika daftarini tarehe, aina, kiasi na jina la aliyechukua, kisha bandika risiti ukurasa huohuo. Mwenye biashara atahitaji ukurasa huo siku mkaguzi akigonga mlango.

Umefanikiwa kama: stoo haina chombo kisichojulikana, daftari lina risiti, na sakafu ni kavu. Osha karai kwa sabuni ukiwa bado na glavu, osha glavu zikiwa mkononi, zivue, osha mikono. Andika nyuma ya mlango wa stoo tarehe ya awamu ijayo: miezi mitatu kwa gereji, sita kwa nyumba.